Jozi

Ubaoni, kidato cha tano, chaki ikiniingia puani,
niliandika: gimba hutulia kwa masharti mawili.
La kwanza, kani zote zikijumlishwa ziwe sufuri.
La pili wakalinakili bila kuniuliza,
nami nikafuta ubao, nikapanda baiskeli,
nikashuka Ngamiani kugawa vyombo vya mama.

Arobaini ilisomwa Alhamisi.
Nyumba ya Barabara ya Kumi na Nne
ilinuka bado udi na wali wa jana,
na kila kitu kilikwisha pata mwenyewe:
mbuzi ya kukunia nazi, kwa shangazi Mwanakheri;
cherehani, kwa mjukuu ajuaye kuikanyaga;
redio, hakuna aliyeitaka.
Likabaki kabati.

Kabati la mvule, miguu minne,
mmoja mfupi tangu liletwe kutoka Pongwe
juu ya lori la mkonge.
Chini ya mguu huo mama aliweka kigae,
na kigae kilipovunjika,
kadi ya kliniki ya Msellem, imekunjwa mara nne.

Msellem akashika pembe ya mbele, akavuta kuelekea barabarani.
Lori lake lilikuwa likinguruma nje.
Bahia akashika pembe ya nyuma, akavuta kuelekea uani.
Hakuna aliyesema neno. Walionyonya ziwa moja
hawahitaji kutajiana madeni.

Wote wawili wamerithi mabega ya baba.
Nyutoni mia tatu huku, nyutoni mia tatu kule,
jumla sufuri.
Kwa sharti la kwanza, kabati lingetulia.

Liligeuka.
Halikwenda barabarani, halikwenda uani,
lilizunguka palepale kwa mguu wake mfupi
na ile mitatu ikachora upinde kwenye saruji.
Birika la maua ya buluu likatangulia kuanguka.

Maana hawakuvutana kwa mstari mmoja.
Kati ya mkono wa kaka na mkono wa dada
palikuwa na upana wa kabati, mita moja na robo,
na umbali nao ni uzito:
muulize aliyewahi kushika mtaimbo.
Vitabu huiita jozi,
kama ya viatu, kama ya hereni:
kani mbili sawa, zinapingana, hazikutani.

Nikatia bega katikati. Likazidi kugeuka.
Miaka kumi na moja nalifundisha hili
na mwili wangu haukuwahi kuliamini:
jozi haizuiwi na kani moja, hata ya ng'ombe.
Jozi huzuiwa na jozi.

Ikabidi ninyooshe mikono yote miwili
kama mtu anayeanika shuka peke yake,
mmoja ukimkinza Msellem, mmoja ukimkinza Bahia,
shavu juu ya mvule, pua kwenye dawa ya nondo.

Likasimama.
Ndipo nikamjua mama.
Mkono huu ukimpa Msellem hela ya leseni, Bahia asijue,
huu ukimfungia Bahia kidani kwenye leso, Msellem asijue,
na yeye katikati, miaka arobaini, hajasogea,
nasi tukimsifu: mama yetu mtulivu.
Utulivu!
Hakuna aliyemgusa misuli.

Fundi Shekigenda, aliyekuja kung'oa bawaba,
akanitazama jasho linavyonitoka.
"Mwalimu, ukiachia tu, linaendelea."
"Najua."

Msellem ndiye aliyeachia kwanza. Si huruma,
lori lilikuwa linakula dizeli.
Bahia, kwa kukosa wa kumpinga,
akarudi kinyumenyume, akaketi sakafuni kwa kishindo,
akacheka, halafu hakucheka.
Kadi ilikuwa imechomoka chini ya mguu.
Akaikunjua, akasoma kwa sauti:
kilo tatu, gramu mia mbili.
Mlangoni, Msellem akazima injini ya sauti yake.

Kabati lipo bado, limekaa mshazari,
halitazami mlango wala dirisha.

Jumatatu, kijana wa dawati la nyuma akauliza:
hilo sharti la pili, mwalimu, ni la nini?
Nikaweka chaki chini.
Nikawaambia wawili wainuke, washike meza.